Jinsi ya kujua mmea fulani una faida gani kwa wanyamapori

Anza na jina la kisayansi. Jina la kienyeji moja huweza kubeba mimea mitatu isiyo na undugu, na hapo taarifa huchanganyika bila wewe kujua. Ukishalipata, litafute kwenye Plants of the World Online, hifadhidata ya bustani za Kew, kisha nakili visawe vyake vyote, yaani majina mengine ya kisayansi ya mmea huohuo. Wengi huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayowakosesha zaidi. Mwaka 2005 mkutano wa wanabotania uliofanyika Vienna uliidhinisha jina Acacia, ambalo migunga ya Afrika nayo ililibeba, libaki kwa kundi kubwa la Australia. Migunga ya Afrika ikagawanywa hasa kati ya Vachellia na Senegalia. Anayetafuta Vachellia tortilis peke yake hukosa maandishi ya miaka mingi kuhusu twiga, tembo na mgunga huo, kwa kuwa yote yamehifadhiwa kama Acacia tortilis.

Pili, livunje swali. «Una faida kwa wanyama?» halijibiki. Uliza: mnyama gani, sehemu gani ya mmea, msimu gani, kwa ajili gani? Msimu hasa usiuache. Mti wa Faidherbia albida hupukutisha majani wakati wa mvua, hubaki kijani kiangazi, na maganda yake ya mbegu hudondoka wakati malisho mengine yamekauka. Orodha inayosema tu «tembo hula maganda» imeacha jambo lenyewe.

Kwa vipepeo, tenganisha chakula cha viwavi na nekta ya wakubwa. Kipepeo Danaus chrysippus hunyonya maua ya aina nyingi, lakini viwavi vyake hula hasa mimea ya jamii ya Asclepias na ndugu zake. Ukipanda maua ya nekta peke yake, vipepeo watapita, hawatazaliana hapo.

Sasa tafuta. Weka kila jina ndani ya alama za kunukuu, pamoja na neno moja tu la swali lako: matunda, kiota, kinyesi, uchavushaji. Rudia kwa kila kisawe, na kwa lugha waliyoandikia watafiti wa eneo husika. Kwa viwavi, angalia HOSTS, hifadhidata ya mimea wanayokula, ya Natural History Museum ya London. Global Biotic Interactions hukusanya rekodi za nani anakula nini. Kwa mimea ya Amerika Kaskazini, Fire Effects Information System ya idara ya misitu ya Marekani ni hazina: licha ya jina lake kutaja moto, hueleza pia wanyama wanaoutumia mmea. Vitabu na majarida ya zamani, yenye maelezo ya subira ambayo siku hizi ni nadra, yamo Biodiversity Heritage Library bila malipo.

Picha za iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe na wengine huvitambua, zinasaidia, ila kuna mtego: rekodi ya nyuki ikithibitishwa, kilichothibitishwa ni nyuki. Ua alilotua halijahakikiwa na mtu. Na mdudu kutua juu ya ua si ushahidi kwamba amelichavusha.

Pima kila dai kwa namna lilivyopatikana. Mbegu zilizokutwa kwenye kinyesi, au mnyama aliyeonekana akila, vina uzito. «Ndege huupenda» bila jina la ndege mara nyingi kimenakiliwa kitabu kwa kitabu. Kitenzi nacho kina maana: hondohondo humeza tunda na kuiacha mbegu nzima mbali, ilhali kasuku wengi huipasua mbegu yenyewe. Wote «wanakula matunda», lakini kwa mti ni mambo mawili tofauti kabisa.

Mwisho, hakiki shambani. Chagua angalau miti mitano, si mmoja. Mng'ongo, Sclerocarya birrea, kwa kawaida huwa na mti dume na mti jike, na dume hauzai. Ukiangalia huo peke yake utaandika kwamba haulishi mnyama yeyote. Mikuyu nayo huzaa kila mti kwa wakati wake. Pita kila wiki, saa ileile, kaa dakika 20 kwa kila mti, andika hali ya majani, maua na matunda, na wanyama waliokuja. Pita pia usiku kwa miti yenye maua meupe yanayofunguka jioni, kama mbuyu, ambao popo huutembelea. Siku ambayo hakuja mnyama, andika sifuri. Ukiacha nafasi tupu, baadaye hutajua kama hakuja mnyama au hukwenda wewe.