Miche imekuwa njorinjori: namna ya kuizuia, na namna ya kuiokoa

Wiki hii nimeletewa picha tatu za miche ya nyanya, zote na maneno yaleyale: "Mwalimu, ona inavyokua haraka!" Jamani, haikui. Mche wa siku nane wenye shina jembamba kama uzi wa kushonea, kijani kimepauka, umeinamia dirishani kama mtu anayechungulia ugomvi wa jirani, huo una njaa ya mwanga.

Porini, mbegu iliyoota chini ya majani ya wenzake isipowahi kutoka kivulini inakufa. Kwa hiyo akiba yote iliyo ndani ya mbegu inatumika kurefusha shina, mizizi na unene vinasubiri. Chumbani kwako mche unadhani uko chini ya mwembe. Kichocheo kinachoitwa auksini hujikusanya upande wa shina ulio kivulini, upande huo unarefuka zaidi ya mwenzake, na ndiyo maana mche unapinda kuelekea dirishani.

Utasema Dar na kukosa mwanga wapi na wapi, mchana wetu ni kama saa 12 mwaka mzima. Ni kweli, lakini huo ni wa nje. Ndani kuna wavu wa mbu, nondo, pazia, baraza, na ukuta wa jirani aliyejenga hadi mpakani. Juu yake ongeza joto letu: joto linausukuma mche ukue, na mwanga wa kuushibisha haupo. Dirisha hilohilo kule Lushoto kwenye baridi lingewarefushia miche taratibu zaidi.

Hatua ya 1: Pima mwanga kabla ya kusia

Usiamini macho, maana yanazoea giza bila kukuaga. Saa nne asubuhi weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka miche, kisha nyoosha mkono juu yake kiasi cha shubiri moja. Ukiona kivuli chenye vidole vinavyohesabika, panafaa. Ukiona wingu tu, hapafai, hata kama unasoma gazeti hapo bila taa.

Dirisha la mashariki ndilo ninalolipenda, kwa jua lake la asubuhi lisilochoma. Haya mengine yanageuka na miezi. Mwezi wa sita na wa saba jua letu linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Mimi hapa Sinza dirisha la jikoni linatazama kaskazini: Julai miche ilinenepa vizuri, Desemba palepale ikawa njorinjori, nami nikamlaumu aliyeniuzia mbegu. Mbegu hazikuwa na kosa.

Hatua ya 2: Acha nafasi

Mbegu mbili kwa kila kikombe, basi. Ukizimwaga kama chumvi kwenye mchuzi, miche itabanana na kila mmoja atataka kumpita mwenzake kwa urefu. Ya ziada ikate kwa mkasi, usiing'oe, utasumbua mizizi ya inayobaki.

Hatua ya 3: Ondoa nailoni siku ileile

Hapa ndipo wengi wanapoteza mchezo. Mbegu zikiwa udongoni nyingi hazihitaji mwanga, kwa hiyo tunafunika kwa nailoni na kuzisahau juu ya friji. Nyanya kwa joto letu huchomoza siku ya tano hadi ya nane. Kuanzia siku ya nne funua uangalie asubuhi na jioni. Ukiona shingo ya kwanza imetokeza, nailoni iondoke na kopo liende kwenye mwanga saa hiyohiyo. Kuanzia asubuhi hadi urudi kutoka kazini jioni ni muda tosha wa kuharibika.

Hatua ya 4: Ongeza mwanga

Kopo liwe kwenye kingo ya dirisha kabisa. Hatua moja tu ndani ya chumba ni hasara kubwa. Ligeuze robo mzunguko kila asubuhi. Nyuma ya miche weka boksi la viatu lililokatwa upande mmoja na kubandikwa foili ya jikoni. Linarudisha mwanga ambao ungepotelea chumbani.

Kama dirisha halitoshi, taa ya kawaida ya LED yenye mwanga mweupe inafanya kazi. Iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya majani, si kule darini. Balbu ndogo ukiipandisha kutoka sentimita 15 hadi 30, mwanga unaofika chini unabaki kama robo. Washa kwa muda wa saa 14, kisha zima, mche nao unahitaji usiku. Taa ya wati 20 kwa saa hizo inakula yuniti 0.28 kwa siku, LUKU haitalia.

Hatua ya 5: Itikise

Miche ya nje inapigwa na upepo na shina linajibu kwa kunenepa. Ya ndani pitishia kiganja juu taratibu, mara kumi asubuhi na kumi jioni, majani yakiwa makavu. Feni namba moja kwa mbali pia inafaa. Mbolea ya urea usiguse kwa sasa, itarefusha tu.

Ikiwa imesharefuka

Nyanya ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu shina lake hutoa mizizi likifukiwa. Ihamishie kwenye kikombe kirefu chenye matundu chini, fukia hadi karibu na majani mawili ya mwanzo, na ushike jani, usishike shina. Sukuma wiki na kabichi, fukia hadi chini ya majani hayo, usipite. Usiyafukie majani yenyewe.

Ya kuegemeza, tumia kijiti cha mshikaki. Kichomeke pembeni, fungia kwa kipande cha tisheti kuukuu kwa umbo la nane, kilegee. Uzi wa nailoni unakata shina.

Kisha uizoeshe jua: kwa nusu saa tu, kabla ya saa tatu asubuhi, uongeze kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Mwaka wangu wa kwanza niliipandisha juu ya paa saa sita mchana kwa huruma. Kufika saa nane majani yalikuwa meupe kama karatasi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Miche yangu ya papai imelala, niifukie kama nyanya? (Mbagala)*

Marahaba mwanangu. Hapana, papai ukilifukia shingo linaoza. Egemeza kwa kijiti, usogeze kwenye mwanga, na upunguze maji.

*Dada, yangu imeanguka yote usiku mmoja. Shina chini limesinyaa kama limekabwa na uzi. Ni mwanga? (Tabata)*

Hapo ni ugonjwa, tunauita kinyausi, unaletwa na vimelea vya udongoni vinavyopenda maji mengi na hewa iliyokwama. Iliyoanguka haiponi. Itoe na udongo wake, iliyosimama itenge na uache udongo ukauke juu kabla ya kumwagilia. Safari ijayo tumia udongo mpya.

*Nimefukia nyanya wiki iliyopita, mbona shina bado jembamba? (Kigamboni)*

Lililokwisha kurefuka halifupiki, mdogo wangu. Tazama kipande kipya cha juu: majani yakitoka karibu karibu na rangi imekolea, umefanikiwa.

*Mimi ni mchicha, uko sahani nzima, mrefu na umelala. Kijiti kipi kitatosha? (Upanga)*

Usihangaike na vijiti. Mchicha unaota kwa siku tatu hadi tano, sia mwingine leo karibu na dirisha. Huo uliolala kata, osha, tia kwenye kitunguu na nazi ule na ugali. Ila usije ukafanya hivyo kwa miche ya nyanya, majani yake hayaliwi.