Wawili wa gitaa kavu na bendi ya saikedelia kwenye jukwaa moja, Bagamoyo

Mkiwaweka pamoja wawili wa gitaa kavu (lisilo la umeme) na bendi ya saikedelia (roki ya umeme yenye mwangwi na kelele nyingi), mkubaliane mapema: bendi ndiyo inayoshusha sauti, hao wawili hawaongezewi. Mtu anayeimba kwa sauti ya kunong'ona hawezi kusukumwa kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti) mpaka azidi amplifaya mbili na dramu. Ukilazimisha, maiki yake inaokota sahani za dramu kuliko inavyomwokota yeye. Muungano wenyewe si kitu kigeni. Damon & Naomi wa Marekani walitoa albamu na bendi ya Ghost ya Japani mwaka 2000, na marehemu Hukwe Zawose, aliyeishi hapahapa Bagamoyo, alirekodi pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa la umeme kutoka Kanada.

Mazoezi ya kwanza yawe chumbani bila maiki hata moja. Mpiga dramu atumie brashi na afunike snea, ile dramu yenye waya chini, kwa taulo. Amplifaya ya wati 5 hadi 15 inatosha, nayo iwekwe juu ya kiti, ielekee masikio ya mpigaji. Ikikaa sakafuni inapigia magoti, yeye anadhani hasikiki, anaongeza. Simama mita tatu kutoka kwa waimbaji. Maneno yakipotea, kuna mtu amezidisha, na mara nyingi ni besi.

Ufunguo wa wimbo auchague mwimbaji. Mkiwa na ilimba, ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, gitaa ndizo ziifuate: ulimi wa chuma ukigongwa ndani au nje sauti inabadilika, lakini kuurudisha palepale ni kazi ya nusu saa. Piga ulimi wa noti ya A, soma kwenye programu ya kutyuni ya simu, kisha kila mtu ahamishe kipimo chake cha noti hiyo kutoka hezi 440 kwenda kile kilichosomeka, tuseme 436. Angalieni kwanza kama kinanda kinakubali kuhamishwa. Kisipokubali, kinapumzika wimbo huo.

Sasa mpangilio. Ubeti wa kwanza wawili peke yao. Wa pili, besi ishike noti moja tu na isitoke hapo. Wa tatu, gitaa la umeme liingie kwa mwangwi. Bendi ipande neno la mwisho likishaimbwa, na ipewe dakika tatu hadi tano za kwake. Ishara ya kurudi iwe ya macho, kwa sababu katika kelele ile gitaa kavu halisikiki kabisa; mpiga dramu akae mahali anapoona mkono wa kulia wa mwenye gitaa hilo.

Mwangwi uendane na mwendo: gawanya 60,000 (milisekunde za dakika moja) kwa idadi ya mapigo ya dakika moja. Kwa mapigo 72 unapata milisekunde 833, na robo tatu yake ni 625, ambayo huleta ule mwendo wa mawimbi. Marudio mawili au matatu yanatosha. Kwenye sauti ya mwimbaji, weka mwangwi mwishoni mwa mshororo tu. Maneno ya Kiswahili huishia na vokali, kwa hiyo mkia wa neno moja unamezwa na neno linalofuata, na mashairi yanageuka uji.

Mluzi wa spika, unaotokea maiki ikiokota sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika, ndio utakaowasumbua kuliko vyote. Mwimbaji akiwa sentimita 20 kutoka kwenye maiki, mwambie asogee hadi 10. Anaongeza takriban desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) bila kugusa kitufe. Maiki ya kadioidi, inayosikia zaidi mbele, haisikii nyuma yake, kwa hiyo spika ya jukwaani ikae nyuma ya maiki moja kwa moja. Ya superkadioidi, inayosikia mbele kwa upana mdogo zaidi, ni tofauti: nyuma kabisa inasikia kidogo, kwa hiyo spika zikae pembeni kwa nyuma, kushoto na kulia. Wengi huzichanganya hizi, halafu lawama zinamwangukia fundi mitambo. Maiki isiyotumika ifungwe, kwani kila mkiongeza maradufu idadi ya maiki zilizo wazi mnapoteza kama desibeli 3 za nafasi ya kuongeza sauti kabla ya mluzi kuanza. Gitaa kavu likivuma chini kama ngoma, ziba tundu lake kwa kizibo cha mpira na ukate kwenye mikisa sauti nzito zilizo chini ya hezi 100.

Jukwaa likiwa wazi upande wa bahari, visha maiki sponji, la sivyo upepo utanguruma ndani ya spika. Futa nyuzi kila mkimaliza kupiga. Chumvi inazila haraka. Tyuni gitaa likiwa limekaa jukwaani dakika 20, si likitoka kwenye mkoba.

Mkisikia mvumo wa hezi 50, chomekeni amplifaya, pedali na mikisa kwenye laini moja ya umeme. Mvumo ukibaki, bonyeza kitufe cha kuinua ethi (ya waya wa sauti, si ya umeme) kwenye kisanduku cha diai, kile kinachounganisha gitaa na mikisa. Pini ya ethi ya plagi msiikate kamwe: hitilafu ikitokea kwenye amplifaya, umeme unapita kwenye nyuzi za gitaa na kutokea kwenye midomo iliyogusa maiki.