Jinsi ya kutafuta ukoo wako kwenye jubilei ya usharika (nilikosea mara ya kwanza, wewe usikosee)

Kila Desemba sisi Wachagga tunataniwa kwamba tunapanda mlimani kwenda kuhesabiwa. Sasa kuna wengine hata tukipanda hatuhesabiwi, maana babu alishuka zamani akaenda kufanya kazi kwenye mkonge Tanga, akaoa huko, akazaa huko na akazikwa huko, kilichobaki kwa sisi wajukuu ni jina la mwisho kwenye kitambulisho na neno "Machame", sehemu ya Kilimanjaro, ambalo mzee alikuwa analitaja akiwa amefurahi. Basi. Ukoo gani, kihamba (shamba la ukoo lenye migomba na nyumba) kipo wapi, ndugu ni kina nani, hakuna anayejua.

Mimi nimekwenda jubilei mbili za kanisa kutafuta hayo mambo. Ya kwanza nilirudi na kalenda na fulana ya jubilei, ya pili nikarudi na ukoo.

Kosa la kwanza lilikuwa usharika, yaani kanisa la Kilutheri la sehemu moja. Nilielekezwa kwamba kwetu ni sehemu fulani, nikasikia kanisa la pale linatimiza miaka 50, nikapanda basi. Kufika nauliza vitabu vya ubatizo vya zamani, mzee wa kanisa akanicheka kwa upole akasema mwanangu hapa palikuwa mtaa tu, vitabu vyetu vinaanza siku tulipokuwa usharika, vya nyuma viko kwa mama. Mama maana yake usharika mama, ule ambao mtaa, yaani tawi dogo, ulizaliwa kutoka kwake. Hilo lishike sana. Wamisionari wa Leipzig, Walutheri kutoka Ujerumani, walifika Machame 1893, mwaka uliofuata wakafungua Mamba, Old Moshi nayo ikafuata, na vituo vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, kwa hiyo mtu aliyebatizwa kabla ya vita ya 1914 anaweza kuwa ameandikwa mbali kabisa na hilo kanisa unaloliona leo jirani na kihamba chenu. Uliza mapema: huu usharika ulizaliwa na upi, na huo ulizaliwa na upi? Panda nao mpaka juu. (Kama kwenu ni Usambara au Bukoba, waliokuja ni misheni ya Bethel, Nyanda za Juu Kusini ni misheni ya Berlin, Iramba na Singida kazi ilikuja kushikwa na Wamarekani wa misheni ya Augustana, ila utaratibu wa kutafuta ni ule ule.)

Kwa nini ungoje jubilei na usiende siku yoyote? Kwa sababu siku ya kawaida utamkuta katibu na mlinzi. Kwenye jubilei wazee wanaletwa kwa magari hata wale ambao hawajatoka nyumbani mwaka mzima, waliohamia Dar na Arusha wanarudi, historia ya usharika inasomwa mbele za watu, na yale madaftari ya kale mara nyingi yanatolewa kabatini yawekwe mezani watu wayaone. Wiki moja tu hiyo, halafu kila mtu anatawanyika.

Maandalizi yaanze angalau mwezi kabla. Piga simu ofisi ya usharika, jitambulishe vizuri, sema unaomba kuona kitabu cha ubatizo cha miaka fulani na kwamba utafika siku mbili kabla ya ibada. Usiseme "nitaangalia siku ile ile". Siku ile katibu anahesabu sadaka, mchungaji yuko na askofu, na ufunguo wa kabati uko kwenye mfuko wa mtu ambaye yuko jikoni anasimamia nyama, hayo yote yalinikuta.

Halafu kusanya ulichonacho nyumbani. Cheti cha ubatizo, kadi ya kipaimara, picha, hata kadi ya chama cha kahawa kama babu alikuwa mwanachama wa KNCU, ile iliyoanza 1933. Ukiona cheti kimeandikwa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) juu ujue kimeandikwa baada ya 1963, kanisa lilipoungana, hata kama kinasema mtu alizaliwa 1921, yaani ni nakala iliyotolewa baadaye na huenda aliyenakili alikosea tarehe au jina. Cha kwetu kilikosewa jina la mama mzazi, herufi moja tu, na hiyo herufi moja ilinipotezea nusu siku nzima.

Picha zichapishe kwenye karatasi, kubwa. Hili nasisitiza. Bibi wa miaka themanini na kitu ukimpa simu atabonyeza kidole picha inaondoka, anaogopa anakurudishia. Karatasi itazunguka mkono kwa mkono mpaka itamfikia anayejua.

Sasa siku yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, siku yenyewe sio Jumapili. Ni Jumamosi, nyuma ya kanisa, kwenye kumenya ndizi. Jumapili kuna maturubai, kuna matarumbeta, kwaya kumi na mbili, risala, ibada inaingia asubuhi inatoka saa tisa, baada ya hapo mnada wa kuku na mikungu ya ndizi, hakuna atakayekaa kukuambia habari za shangazi zako. Jumamosi kina mama wamekaa kwenye vigoda na visu wanamenya ndizi za machalari masaa sita mfululizo, na masaa sita ya kumenya ni masaa sita ya kuongea. Wewe omba kisu. Hata kama ni mwanaume, watacheka, watakuita mtoto wa mjini, lakini hapo hapo litakuja swali ambalo ndilo umelifuata: wewe ni mtoto wa nani?

Usijibu kwa jina lako. Jibu kwa wakubwa: mimi ni mjukuu wa fulani, aliyekwenda Tanga kwenye mkonge, mkewe alikuwa wa huko huko. Na uamkie kwanza, shikamoo kwa kila mmoja, sio shikamoni ya jumla halafu unakaa. Kama una "shimboni" yako, ile salamu ya Kichagga, itoe hata ikitoka vibaya.

Nilivyofanya hivyo bibi mmoja akaniambia lete hiyo picha. Mikono yake ilikuwa imepakwa mafuta kwa ajili ya utomvu, kwa hiyo hakuishika, akaniambia niishike mbele yake niisogeze nyuma kidogo. Ni picha ya watu saba wamesimama mbele ya jengo la mawe, babu yuko katikati kijana kabisa. Bibi hakumtazama babu. Alimtazama mwanamke wa pembeni ambaye sisi miaka yote tulidhani ni jirani tu, akasema huyu alivyofunga kitambaa, upande, hakuna mwingine aliyekuwa anafunga hivyo, huyu aliolewa kwa kina fulani pale chini mtoni, ni dada yake. Akamwita bibi mwenzake aje. Wakabishana kwa Kichagga dakika kumi, mimi nimeshika picha mkono unauma, wakaniambia dada walikuwa watatu, wawili wakawataja, wa tatu hawakumkumbuka jina. Na jambo jingine kubwa zaidi: hilo jina la mwisho tunalotumia sisi sio ukoo. Ni jina la ubatizo la baba yake babu. Aliyemwandikisha babu kazini alichukua jina la baba akaliweka mwisho, likaganda, na ukoo wenyewe ukaachwa mlimani.

Hao kina bibi usiwachukulie poa. Kwetu huoi wa ukoo wako, kwa hiyo kila ndoa inapotangazwa kanisani kuna mabibi kwenye benchi wanapiga hesabu kichwani huyu ni wa nani na yule ni wa nani, na wamefanya hivyo miaka sitini. Ila na wao wanasahau na wanachanganya, ndio maana kitabu kinahitajika.

Kitabu sasa. Niliingia ofisini na jina la ukoo la kweli, nikaanza kutafuta, sikupata kitu, kwa sababu kitabu cha enzi zile hakikuandikwa kwa ukoo kama orodha ya wapiga kura. Mwenye jina ni mtoto, baba ana jina lake, mama ana jina lake, kuna mahali na tarehe, basi. Anza na mama. Majina ya baba yanajirudia sana, na kwa koo nyingi mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo utakuta binamu watatu wenye jina moja, wote wamebatizwa ndani ya miaka mitano. Mama ndiye anayewatenganisha. Halafu angalia safu ya wasimamizi wa ubatizo, usiiruke, maana mtu akisimamia watoto wanne wa nyumba moja huyo si mpita njia.

Kurasa za mwanzo nilizoonyeshwa zilikuwa za Kijerumani, tena mwandiko wao wa zamani wenye meno meno kama msumeno, e yake unaweza kuapa ni n. Usihangaike kusoma kila kitu. Jifunze maneno sita tu: geboren ni kuzaliwa, getauft ni kubatizwa, gestorben ni kufa, Vater baba, Mutter mama, Pate msimamizi. Na ujue walikuwa wanaandika sauti zetu kwa herufi zao: sh yetu wanaandika sch, Moshi inakuwa Moschi, Machame utaikuta Madschame, Wachagga wenyewe ni Dschagga. Kama jina lenu lina sh ndani na unalitafuta kwa sh utapita juu yake mara tano. Mwandiko ukibadilika ghafla usishangae pia, 1920 Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, wakaanza kurudi kuanzia 1925, hapo katikati kazi ikabaki kwa walimu wenyeji na Wamarekani walioingia baadaye.

Tarehe za kuzaliwa za watu wazima waliobatizwa zichukulie kama makisio. Mzee akikwambia "alizaliwa wakati wa nzige" hiyo ni kama 1930 hivi, na huenda iko karibu na ukweli kuliko ilivyoandikwa kitabuni.

Kupiga picha kurasa omba ruhusa. Mimi nilitoa simu nikaanza kupiga, nikafokewa mbele ya watu na nilistahili, mle ndani kuna watoto wa watu waliozaliwa nje ya ndoa na majina ya baba zao. Omba, toa sadaka kidogo ya ofisi, piga zile zinazokuhusu tu, na usilambe kidole kufunua ukurasa, karatasi zenyewe mchwa wameshaonja.

Jumapili kazi yako ni moja: rekodi historia ya usharika inaposomwa, yote, na simu iwe na chaji. Wanataja walimu wa kwanza, wazee wa kanisa, aliyetoa kiwanja, aliyetoa ng'ombe. Mimi nilikuwa nasinzia, lakini niliporudia kusikiliza nyumbani nikakuta yule msimamizi wa ubatizo wa babu ametajwa kama mwalimu wa mtaa.

Ukirudi nyumbani, picha za zamani zaidi ziko mtandaoni bure. Chuo Kikuu cha Southern California kule Marekani kina hazina ya picha za wamisionari, za Leipzig zimo, za Kilimanjaro ni nyingi sana, tafuta kwa ile spelling ya Kijerumani pia. Nyaraka zenyewe za Leipzig zinatunzwa Halle, Ujerumani, kwenye taasisi ya Francke.

Na kabla hujashuka mlimani acha nakala ya picha kwa kila mzee aliyekusaidia, nyuma yake andika kwa penseli majina mliyokubaliana na namba yako ya simu kwa tarakimu kubwa. Mimi wiki tatu baadaye nilipigiwa saa kumi na mbili asubuhi na namba nisiyoijua, ni yule bibi wa kitambaa, kwa simu ya mjukuu wake, hata salamu hakumaliza: jina la dada wa tatu limemjia usiku akaogopa kulala tena asije akalisahau.