SOMO: Injini ya ndege ya kujiundia (soma lote ndipo uulize)

Kila wiki inbox: "Mkuu, niweke injini gani?" Naandika mara moja, basi.

1. Fungua kitabu cha mbunifu wa ndege yako. RV-7 (ndege ya kujiundia), kwa mfano, inataka nguvu farasi 150 hadi 200. Usiifungie injini ya Rotax ya nguvu farasi 100.

2. Mafuta. Angalia uwanja wako unauza nini. Rotax 912 ULS (ndiyo hiyo ya 100) inakunywa petroli ya gari ya oktani 95. 100LL (petroli ya ndege) inaikubali pia, ila ina madini ya risasi, kwa hiyo oili ubadilishe mapema.

3. Uzito. Hapa tulia. Karatasi ya muuzaji inasema 912 ULS ni kama kilo 57. Hiyo ni injini kavu! Ekzosi, redieta, maji, oili na fremu ya kuibebea havimo. Pima kila kipande kwenye mizani mwenyewe, andika kinakaa umbali gani kutoka ukuta wa moto (unaotenganisha injini na rubani), ndipo upige hesabu ya kitovu cha uzito (pale ndege inaposawazika). Pua ikiwa nyepesi kuliko alivyopanga mbunifu, kitovu kinarudi nyuma, na ndege ya namna hiyo ikistoli (mabawa yakiacha kuibeba) inaweza kukataa kabisa kuinamisha pua. ONYO: usichomelee fremu ndefu kwa kukadiria ili usogeze injini mbele. Muulize mbunifu. ONYO la pili: ukishapaka rangi, pima upya.

4. Bei: propela na fremu viingie kwenye hesabu.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, injini ya Subaru si ni bei poa? Niweke?
— Hatua ya 1.

Kipanga: Lakini watu wanazirusha.
— Wanazirusha zikiwa na giaboksi ya kupunguza mizunguko. Propela ya mita 1.8 ukiizungusha mara 5,000 kwa dakika, ncha zake zinapita kasi ya sauti: kelele tupu, mvuto hakuna. Giaboksi umeipigia bei?

Mama Ndege: Shikamoo mwalimu. Niko Nairobi, uwanja wa Wilson uko kama futi 5,500 juu ya bahari. Hizo nguvu farasi 100 za Rotax zinabaki ngapi?
— Marahaba, swali zuri sana. Injini isiyo na tabo (ya kusukumia hewa ndani) hupoteza takriban asilimia 3 kila futi 1,000, kwa hiyo hapo una 84 hivi, na jua likiwaka ni pungufu zaidi. Mabawa nayo yanapata hewa hiyohiyo nyepesi, basi kadiria njia ndefu ya kurukia. Angalia Rotax 914: ina tabo, inatoa 115 kwa dakika 5, kisha 100 mfululizo.

Mzee wa Oili: Nje ya mada. Asubuhi kijiti cha oili cha 912 yangu kinasoma chini, na haivuji.
— Oili imebaki ndani ya injini. Zima swichi zote, zungusha propela kwa mkono taratibu, upande wake wa kawaida tu, mpaka tangi la oili libubujike. Ndipo upime.

Mama Ndege: Fungua kifuniko cha tangi kwanza, utalisikia vizuri.