Nahau na tashbihi za Kiingereza: namna ya kuzijifunza ukiwa Kigoma

Wanafunzi wengi huanza na orodha ndefu ya alfabeti: nahau mia kushoto, maana zake kulia, kisha kukariri. Wiki mbili baadaye vimebaki vipande tu kichwani. Njia inayodumu ni kuanza na kitu unachokiona kila siku, kisha kukusanya nahau zinazokizunguka kitu hicho. Kwa mtu wa Kigoma kitu hicho ni ziwa. Waingereza ni watu wa kisiwani, na lugha yao imejaa boti, kamba na samaki.

Tafuta daftari na kila nahau uipe mistari minne. Wa kwanza ni nahau yenyewe, nzima, bila kuacha hata neno dogo. Wa pili ni maana yake kwa Kiswahili. Wa tatu ni sentensi yako ya Kiingereza kuhusu mtu au jambo la hapa hapa. Wa nne ni mahali inaposemwa na mahali isiposemwa. Huu wa nne ndio wengi wanaouruka, na ndio unaowaponza. Nahau tano kwa wiki zinatosha.

Anza na boti. "We are all in the same boat" hutumika watu wanapopatwa na shida moja: meli imeahirishwa, abiria wote mmekwama bandarini. Wengi huitumia wakimaanisha "tumekubaliana", na hapo wanakosea. Makubaliano yana nahau yake, "we are on the same page". "Miss the boat" ni kupoteza nafasi kwa kuchelewa. "Rock the boat" ni kuchokoza mambo yaliyotulia, kama mtu anayefufua ugomvi wa kikao ambao wenzake walishaumaliza. "Learn the ropes" ni kujifunza kazi mpya. Asili yake ni mabaharia wa matanga, waliopaswa kujua kila kamba na kazi yake. Mtu aliyeajiriwa jana hotelini anaweza kusema "I am still learning the ropes", na hata meneja ataipenda kauli hiyo.

Sasa nenda kwa samaki, maana hapa mitego ni mingi. "There is something fishy about this receipt" haihusu harufu ya mwalo wa Kibirizi. Maana yake ni kwamba risiti hiyo inatia shaka. "I have bigger fish to fry" ni kuwa na mambo mazito zaidi ya kushughulikia, na "fish" hapo habadiliki kuwa "fishes". "Like a fish out of water" ni mtu aliye mahali asipopazoea, kama kijana wa Kasulu siku yake ya kwanza katika ofisi ya Dar es Salaam. Ya hatari kuliko zote ni "drink like a fish". Ukimsifu mgeni anayekunywa maji mengi kwa maneno hayo, umemwita mlevi, kwa sababu kinachozungumziwa ni pombe. "Packed like sardines" haina taabu: abiria wamebanana kama samaki ndani ya kopo. Dagaa wa Tanganyika wenyewe ni ukoo mmoja na hao sardini.

Mfano huo wa mwisho ni tashbihi, na tashbihi zina kosa moja linalorudiwa mno. Kiswahili kina "kama" moja inayofanya kazi zote. Kiingereza kinaigawa. Penye sifa hutumika "as" mbili: "as brave as a lion", "as light as a feather", "as busy as a bee". Penye kitendo hutumika "like": "she swims like a fish", "he sleeps like a log". Usichanganye ukaandika "as brave like a lion". Wala usiweke "as" baada ya kitendo ukidhani ni sawa tu. "He works as a guide" maana yake ajira yake ni kuongoza watalii. "He works like a guide" maana yake anafanya kazi kwa namna ya mwongoza watalii, ingawa huenda si kazi yake.

Wanyama nao hawana sifa zilezile kila mahali. Mjanja wetu ni sungura, wao wana mbweha: "as sly as a fox". Kondoo mpole anafanana pande zote mbili, "as gentle as a lamb". Katika swali la kujaza nafasi andika ile iliyozoeleka, kwa sababu ndiyo inayosahihishwa. Katika insha, hata hivyo, unaruhusiwa kutunga yako, na tunakuhimiza utunge. "As red as palm oil" au "as crowded as Kigoma station when the train comes in" ni Kiingereza safi, na msomaji ataona unachokiona wewe.

Nahau hazina uhuru huo. Maneno yake yamefungwa, na kinachowakwamisha Waswahili zaidi ni "a" na "the", kwa kuwa lugha yetu haina vitu hivyo. "Hit nail on head" si kitu. Ni "hit the nail on the head", yaani kusema jambo lenyewe hasa. Jambo rahisi ni "a piece of cake", hata yakiwa maswali kumi. Kitenzi ndicho kinachobadilika kufuata wakati: "break the ice", yaani kuvunja ukimya kati ya watu wasiozoeana, jana ilikuwa "broke the ice", lakini "let the cat out of the bag" hubaki "let" hata ikiwa siri ilitoka mwaka jana.

Kuhusu mstari wa nne, mfano mzito ni msiba. "Kick the bucket" ni kufa, ila kwa mzaha, kama kusema fulani amedanja. Kwenye salamu za rambirambi andika "passed away". Barua ya kuomba kazi iandike bila nahau kabisa. Na "it's raining cats and dogs", ingawa vitabu vinaipenda, siku hizi watu huisema kwa nadra. Sema "it's pouring".

Usiogope kutafsiri pale ambapo lugha zinakutana. "Kill two birds with one stone" tunayo, na machozi ya mamba pia. Ukiwa na Biblia za lugha mbili, zisome sambamba: kunawa mikono kwa Pilato katika Mathayo 27:24 ndiko "wash your hands of something", yaani kujitoa katika jambo, na mboni ya jicho ya Zaburi 17:8 ndiyo "the apple of my eye", yaani mtu nimpendaye mno. Lakini "amekula chumvi nyingi" ukiipeleka neno kwa neno, Mwingereza atadhani mzee anaharibu afya yake. Mwambie tu "he is very old".

Jipime siku ya kwanza, ya tatu, ya saba na ya ishirini na moja. Funika mstari wa kwanza kwa kiganja, soma maana, kisha andika nahau nzima. Ukikosa hata "the" moja, hiyo irudi siku ya kwanza.