SOMO: Nguo ya kugusa ngozi mlimani (themo). Soma kabla hujaja PM

Wakuu, salaam. Kila ikikaribia Desemba, wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro kipindi cha sikukuu ya Uhuru wananijazia PM kwa swali moja: "Nivae nini ndani?" Najibu hapa mara moja. Ukija tena nitakurushia linki tu.

Themo ni fulana na suruali zinazogusa ngozi, chini ya sweta na jaketi. Wengi wanazinunua wakidhani kazi yake ni joto. Joto utalipata kwenye sweta na jaketi. Themo iko pale kuondoa jasho mwilini. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo ukilowa ndani, jaketi la bei yoyote halikusaidii. Na usidanganywe na jua la Moshi. Kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka kama nyuzi 6, na kutoka mjini hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni kama mita 5,000. Piga hesabu, halafu ongeza upepo.

Hatua ya 1. Pamba ibaki nyumbani. Chupi, soksi, vesti, vyote. Jinzi sizungumzii.

Hatua ya 2. Chagua kati ya poliesta na sufu ya kondoo wa merino. Poliesta hainywi maji, inakauka upesi na bei yake inavumilika, ila siku ya tatu hema zima litakujua. Merino inavuta mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na hainuki haraka. Nyuzi zake ni nyembamba, mikroni 20 au pungufu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ndiyo maana haiwashi kama yale masweta ya shule. Inataka pesa na inatoboka mapema.

Hatua ya 3. Sokoni. Memorial pale Moshi, Karume Dar, utapata zote mbili kwenye mitumba. Shida ni lebo kukatwa. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani (muombe muuzaji kwanza, wengine wakali) uuguse na moto wa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inabaki kijishanga cheusi kigumu. Usikishike kingali cha moto. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto unazimika wenyewe ukiuondoa.

Hatua ya 4. Ijaribu. Ikushike bila kukukaba. Inua mikono juu: tumbo likionekana, rudisha. Mshono wa begani usikae mkanda wa begi unapopita. Yenye zipu shingoni ni bora.

Hatua ya 5. Pea mbili. Moja ya kutembelea, moja ya kulalia.

Hatua ya 6. Usiku wa kileleni. Hapa niliharibu mwenyewe nilipokuwa mgeni wa mlima, kwa hiyo nisikilize vizuri. Unatoka kambi ya Barafu kama saa 6 usiku. Umetoka usingizini, unatetemeka, unavaa kila ulichonacho: themo mbili, sweta mbili, jaketi la manyoya, koti la upepo juu. Nusu saa ya mlima unafurahia joto. Baada ya saa moja, mgongo unachuruzika chini ya begi. Hufungui kitu kwa sababu uso unaganda, unaona mambo yako safi. Kisha unakaribia Stella Point, ukingoni mwa kreta, alfajiri, baridi ndiyo imekomaa, kundi linasimama kumsubiri mwenzenu anayetapika, na lile jasho lote linageuka barafu mgongoni. Meno yanagongana hadi huwezi kutamka jina lako. Kwa hiyo: TOKA HEMANI UKIHISI BARIDI KIDOGO. Themo moja, sweta, koti la upepo; jaketi la manyoya liwe juu kabisa ndani ya begi, ulitoe mkisimama. Ukihisi unyevu kwapani, shusha zipu hapo hapo, usisubiri kituo. Na usivae themo mbili zinazobana, damu haifiki vidoleni. Usipande na ile uliyotembea nayo mchana, bado ina jasho hata kama unaiona kavu. Panda na ile ya kulalia.

Maswali sasa.

Kipepeo255: Mkuu somo safi. Nina fulana tatu za pamba nzito, nikizivaa zote si itakuwa sawa?

Mleta somo: Hatua ya 1.

Kipepeo255: Lakini ni nzito kweli mkuu.

Mleta somo: Ndiyo zitabeba maji mengi zaidi. Hatua ya 1.

Bwana Chenji: Merino mitumba? Wengine hatuna hela hizo. Au una duka unatupigia debe?

Mleta somo: Sina duka wala kibanda. Hatua ya 2 nimetaja poliesta, umeruka.

Mgumu Mstaafu: Niongezee kwa ndugu hapo juu. Sisi wagumu, yaani wapagazi wa mlima, tulibeba mizigo tukiwa na jezi za mpira. Jezi ni poliesta. Tafuta ya mikono mirefu, hata ya Yanga, mlima haubagui.

Mleta somo: Shikamoo mzee. Hiyo nimeisahau na ndiyo jibu la wengi humu.

Binti wa Tanga: Assalaam alaikum kaka. Navaa hijabu na sketi ndefu, njia ni Machame. Nifanyeje nisilowe shingoni?

Mleta somo: Waalaikum salaam dada, swali zuri. Hijabu iwe ya kitambaa cha jezi, fupi, ncha uziingize ndani ya jaketi. Ya pamba inalowa jasho na pumzi, kisha inakuganda kooni. Beba mbili. Sketi itakusumbua ukuta wa Barranco, pale mnapanda kwa mikono na unahitaji kuona unapokanyaga. Dada wengi huvaa suruali pana sana juu ya themo na koti linalofika mapajani. Mwambie kiongozi wako mapema, atakupanga vizuri.

Jirani wa Githurai: Habari ndugu. Mimi naenda Mlima Kenya, njia ya Sirimon. Hii yote inanihusu?

Mleta somo: Karibu jirani. Kilele cha Lenana ni mita 4,985, baridi ni ile ile na mvua haikosi. Soko la Gikomba mna mzigo wa mitumba kutuzidi. Mkishuka kwa njia ya Naro Moru, jiandae na matope, suruali ya ziada usiiache.

Mgumu Mstaafu: Usiku mwambie mpishi akujazie chupa maji ya moto, ivalishe soksi, lala nayo. Asubuhi soksi kavu.

Mleta somo: Ila igeuze kwanza uone kama inavuja. Na kileleni beba chupa kifuniko kikiwa chini, maji yanaanza kuganda juu. Ile mipira ya kunyonyea maji kutoka kwenye begi inaziba kwa barafu mapema sana.

Kipepeo255: Simu je?

Mleta somo: Mfuko wa ndani, juu ya themo. Betri ikipata baridi inazima hata ikiwa na asilimia 60.