Ukitaka kuilinganisha nchi yako na nyingine kwa TEHAMA, usianze na nafasi

Kila ripoti mpya ya TEHAMA inapotoka, swali la kwanza kwenye meza yetu ya habari hapa Dar es Salaam ni "Tumekuwa wa ngapi?" Mimi huwaomba vijana ninaofanya nao kazi waliweke swali hilo pembeni kwanza. Nchi inaweza kushuka nafasi tano huku watu wake wengi zaidi wakiwa wameingia mtandaoni, kwa sababu tu wengine wamekwenda kasi zaidi.

Kwanza jua umeshika fahirisi ipi, yaani kipimo kinachojumlisha vigezo kadhaa kuwa alama moja ya nchi. Inayotajwa sana ni ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, wenye makao yake Geneva. Ilianza kuchapishwa 2009, ikaenda hadi 2017, ikasimama, kisha ikarudi mwishoni mwa 2023 ikiwa imebadilika sana. Ile ya 2017 ilikuwa na vigezo 11, alama kutoka 0 hadi 10, nchi 176, na Iceland ikaongoza kwa 8.98. Ya sasa ina vigezo 10, alama zinakwenda hadi 100, na sehemu ya ujuzi, iliyokuwa ikipimwa kwa elimu ya shule, imeondolewa. Kwa hiyo ukiona mtu amechora mstari mmoja kutoka 2017 hadi 2023 na kuandika "tumepaa", mchoro huo usiuguse. Tena usiichanganye na fahirisi ya serikali mtandao ya Umoja wa Mataifa, inayotoka kila baada ya miaka miwili. Hiyo hupima pia huduma za serikali zinazopatikana mtandaoni, na Denmark imeiongoza tangu 2018.

Baada ya hapo shuka kwenye kigezo kimoja kimoja, ukiuliza: hapa kimehesabiwa nini? Laini, mtu, au nyumba?

Hili ndilo linalopotosha habari nyingi kuliko yote. Shangazi yangu aliyeko Ifakara ana laini mbili: moja iko kwenye kitochi, ya kupokelea pesa, nyingine kwenye simu janja anayoiwekea bando mwanawe anapomtumia hela. Mdhibiti wa mawasiliano akihesabu, hizo ni laini mbili. Karani wa utafiti wa kaya akipita, huyo ni mtu mmoja, na kama hajaingia mtandaoni kwa miezi mitatu iliyopita, kwa kipimo cha ITU si mtumiaji wa intaneti. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuichukua ya kwanza ukaiandika kana kwamba ni ya pili.

Tazama Kenya ya 2019. Katikati ya mwaka ule laini za simu zilizokuwa zikitumika zilipita milioni 50. Mwezi Agosti ikafanyika sensa, ikahesabu watu milioni 47.6. Sensa hiyohiyo ikakuta kwamba waliotumia intaneti, kati ya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, ni asilimia 22.6. Mwandishi aliyegawanya laini kwa watu alipata nchi iliyojaa simu kupita idadi ya wananchi wake. Aliyefungua jedwali la sensa alipata nchi nyingine kabisa. Kwa hiyo kwenye majedwali ya ITU angalia kama namba ya watumiaji imetokana na utafiti wa kaya au ni makadirio, na ni ya mwaka gani. Usiweke makadirio ya nchi moja mbele ya utafiti wa nchi nyingine bila kumwambia msomaji.

Bei nayo ina hesabu yake. Shilingi ukizigeuza dola tu, bando letu litaonekana rahisi kuliko la Ulaya, na utamuudhi bure msomaji anayejua anavyolihangaikia. Kipimo ni bei ya mwezi ikilinganishwa na pato la taifa kwa kila mtu kwa mwezi. Tuseme pato ni dola 1,200 kwa mwaka, yaani 100 kwa mwezi. Lengo la kimataifa ni kwamba intaneti ya kiwango cha chini isizidi asilimia 2 ya pato hilo la mwezi, kwa hiyo hapo ni dola 2. Hakikisha tu unalinganisha GB zilezile.

Mtandao kufika mahali usiuandike kuwa ni matumizi. GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ulikadiria kwamba mwaka 2023 takriban asilimia 60 ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa ndani ya eneo lenye intaneti ya simu lakini hawaitumii. Wasiofikiwa kabisa walikuwa kama asilimia 13. Mnara upo, simu janja hakuna, au bando ni ghali. Mimi ningeitoa habari hiyo ukurasa wa kwanza kabla ya nafasi yoyote.

Katika kuchagua wa kulinganishwa nao, Iceland iache. Chukua nchi zenye pato linalokaribiana, kisha tazama jiografia: Tanzania na Kenya zina nyaya za baharini zilizoanza kufika 2009, ilhali Rwanda na Burundi lazima zipitishe mawasiliano yao kwa majirani.

Kumbuka pia yasiyomo. Pesa kwa simu, tulizonazo tangu M-Pesa ianze Kenya 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, si kigezo cha fahirisi ya ITU. Wala fahirisi hiyo haionyeshi siku kama 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki.

Ukishaandika, hakikisha sentensi inayobeba namba inataja kilichohesabiwa, aliyehesabu, na mwaka. Kisha, kabla gazeti halijaenda mtamboni, ilinganishe namba hiyo na takwimu za robo mwaka za TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, na za Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Zikipishana sana, wapigie wote wawili uwaulize ni laini au ni watu.